Fungate ya Kasiba

Yule mzee hakuwa na subira na kitu chochote kilicho hai. Chai ikichelewa alinung'unika. Gari la ranchi likichelewa dakika tano aliondoka kwa miguu, na likimkuta njiani alikataa kupanda, kwa hasira tu, jua la saa saba likimchoma utosini. Khutba ya Ijumaa ikirefushwa alianza kukohoa, kikohozi cha makusudi, na msikiti mzima ukijua ni nani. Lakini mpe chuma! Mpe bunduki iliyoshika kutu akae nayo kutwa nzima juu ya mkeka wake, asile, asiseme na mtu, na usimwone hata mara moja kukunja uso.

Sisi askari wa ranchi tulimwita Mzee wa Ghala. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye mlango wa chuma na kufuli mbili, na ndani bunduki sita. Ranchi yetu iko bara ya Malindi, kwenye nyika kavu ambako ndovu na nyati hawajui mpaka wa shamba la mtu wala wa lambo la maji. Bunduki zilikuwa za kulinda ng'ombe na watu, na kazi yake ilikuwa kuzitunza zipige pale mtu anapolenga. Nasaba yake siijui, na sikuwahi kumwuliza. Nilijua ni Mswahili wa Malindi mjini, mtu wa kanzu na kofia, anayelala ranchini siku za kazi na kurudi kwa mkewe akipewa ruhusa.

Mimi ni mtu wa Ganze, nimekulia kwenye mahindi yasiyobeba na makaa. Nilipoajiriwa nilikuwa mwanamke wa kwanza kuvaa sare pale, na wanaume walikuwa wakicheka kwamba sitamaliza mwezi. Siku niliyopelekwa ghalani kuchukua bunduki, mzee hakunitazama uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Waitwaje?"

"Kadzo."

"Hebu lete mikono, Kadzo." Akaigeuza viganja juu, akaipapasa sugu. "Mikono hii imebeba maji."

"Tangu udogoni, mzee. Kutoka mbali."

"Basi wajua kubeba kitu bila kukimwaga. Kaa kitako."

Nikakaa. Nilikaa miaka tisa.

Watu wanaosikia habari za mtu wa bunduki hudhani alikuwa katili. Weee! Mzee wa Ghala hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu ikifika alimpeleka kuku kwa jirani akiwa amemfunika kitambaa, kisha akasimama nyuma ya nyumba mpaka aambiwe tayari. Hajawahi kuwinda hata digidigi. Mlio wa risasi aliuchukia, aliziba masikio kwa pamba na bado akishtuka, na kila akishtuka alisema "Astaghfirullahi," hata bunduki ikiwa mkononi mwake mwenyewe. Nilimwuliza siku moja kwa nini basi alichagua kazi hii. Akanijibu, "Kwa sababu bunduki mbovu ndiyo inayotesa. Nzuri huua mara moja ikanyamaza." Mimi niliona jibu hilo halitoshi, na mpaka leo naona hivyo, lakini hakuwa na jingine.

Mafuta ya bunduki alituhesabia kwa matone, utadhani ni marashi ya mkewe. Lakini kahawa yake chungu ilikuwa ya kila apitaye, na haluwa aliyokuja nayo kutoka mjini ilikwisha siku ya kwanza kwa kugawa. Alitutukana asubuhi na kutuombea dua jioni. Askari akificha kutu kwenye bunduki yake kwa kuipaka mafuta juu juu, mzee aliipitisha kidole, akamtazama, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hiyo tuliisikia mpaka tukawa tunaimalizia wenyewe nyuma yake. Nyingine ilikuwa yake mwenyewe, sijaisikia kwa mtu mwingine: "Bunduki haina haya. Ukiidanganya leo, kesho itakusema mbele za watu."

Sasa nije kwenye lile lililomfanya ajulikane. Bunduki ikitumika miaka mingi, kasiba yake, yaani ule mtutu wa chuma, huliwa ndani, na ikishaliwa risasi hutangatanga. Huletwa kasiba mpya. Na kasiba mpya, kwa mujibu wa Mzee wa Ghala, haikupelekwa kazini siku hiyo wala ya pili. Ilikaa fungate.

"Bibi arusi akishaolewa hukaa ndani siku saba," alinieleza mara ya kwanza. "Hatoki, haazimwi, haonwi na kila mtu. Na hii hivyo hivyo. Siku saba haishikwi na mkono mwingine."

"Na bwana arusi ni nani?"

"Ebo! Ni mimi. Usimwambie mke wangu."

Siku ya kwanza ilipigwa risasi moja tu. Ndani ya kasiba mpya, alisema, mna meno madogo usiyoyaona. Risasi imevikwa shaba, ikipita yale meno yanaikwaruza na shaba inabaki mle. Ukipiga ya pili bila kusafisha unapandisha shaba juu ya shaba, na kasiba haitasahau maisha yake yote. Kwa hiyo baada ya risasi moja alitia dawa, akangoja, kisha akapitisha ufito wenye kitambaa cheupe, kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kinyume. Kitambaa kilitoka na rangi ya kijani, hiyo ndiyo shaba. Akaweka kingine, na kingine, mpaka kitoke cheupe pee. Siku ya pili risasi mbili, kila moja na usafi wake. Ya tatu tatu. Ikifika ya tano, kijani kilikuwa kimepungua mpaka hakionekani, na hapo ndipo tulipoweka ubao uliobandikwa karatasi yenye duara nyeusi katikati, hatua mia moja, tukapiga tano mfululizo na kutazama zimekaa wapi. Zikienda pembeni, mzee alizungusha skrubu ndogo ya kilengeo mpaka zirudi katikati. Siku ya saba tulipiga tena kuhakikisha. Ijumaa ikiangukia ndani ya hizo saba ilihesabiwa, lakini haikupigwa risasi.

Vitambaa vyenyewe alivikata kwenye kanzu zake zilizochakaa. Kanga haifai, alisema, ina rangi zake yenyewe. Mkewe alilalamika kwamba analetewa kasiba kuwa mke mwenziwe kila mwaka na mumewe anarudi nyumbani na kanzu pungufu. Meneja wetu, mtu wa kujifunza mambo kwenye simu, alisema hizo zote ni itikadi, kasiba za siku hizi hazihitaji mambo hayo, angeweza kumaliza asubuhi moja. Labda. Mimi si fundi wa kiwandani. Nilijua tu kwamba bunduki zilizotoka mikononi mwa mzee zilipiga pale ulipolenga, na tuliingia porini tukiziamini.

Miaka ilivyokwenda akaanza kunifanyia mtihani. Kitambaa kikitoka hakitazami, ananinyooshea mimi. "Haya, nikupime. Chaonekanaje hiki?" Nikasema kijani. "Sana au kidogo?" Kidogo. "Ahsante, umejua." Nilijivuna, jamani! Nilidhani anapima jicho langu anirithishe kazi. Kisha akaniachia kupiga. Mgongo unamwuma, alisema. "Kulenga ni kwako, kunyoosha ni kwangu." Akaketi pembeni na bisibisi yake, nami nikapiga, nikaenda kwenye ubao, nikarudi kumwambia zimekaa wapi. Lakini ile skrubu hakuniachia hata siku moja.

Nilijua ukweli kwa bahati mbaya. Siku moja nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafunga kiatu, naye akajijibu mwenyewe. "Mashallah, cheupe," akakiweka kwenye fungu la vyeupe. Nikainua macho. Kitambaa kilikuwa kijani kama jani la mkorosho. Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa yameelekezwa kwangu lakini yamepita kando kidogo, begani.

Sikusema kitu. Ningesema nini? Kazi ile ndiyo ilikuwa yeye. Ukimtoa ghalani humbakishii jina hata la kuitwa. Ningemwambia aende kwa daktari, najua sasa, na ningepiga kelele mpaka aende, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa presha ya macho, ambayo ikiwahiwa huzuiliwa. Lakini nilimwonea haya kwa niaba yake. Nikawa macho yake kimyakimya, yeye akijifanya ananipima, mimi nikijifanya napimwa. Tukaenda hivyo karibu miaka miwili, na kazi ikatoka safi, na mimi nikajiona mtu mwema.

Kisha ikaja kasiba ya bunduki kubwa.

Hiyo ilikuwa bunduki pekee pale yenye nguvu ya kumwangusha nyati. Kasiba mpya ilifungwa Nairobi, ikaletwa, na Jumapili tukaianza. Risasi moja, vitambaa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, yote sawa. Alhamisi, siku ya tano, jua lilikuwa kali mno. Mzee alifungua kilengeo akipake mafuta, na ile skrubu ikamponyoka ikaanguka mchangani.

Akapiga magoti. Nikainama nimsaidie, akanifokea, "Usinisaidie! Naiona."

Hakuwa anaiona. Alipapasa mchanga kwa vidole, huku na huku, kanzu ikiburura, kofia ikamwanguka, na skrubu iko hapo mbele ya goti lake, inametameta kwa jua. Nilisimama nikamtazama mtu aliyenifundisha kila kitu akitambaa. Mwishowe niliisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka ikagusa mkono wake.

"Nimeiona," akasema. Akapangusa kofia yake, akaketi. Hatukutazamana.

Alichukua muda mrefu kuirudisha mahali pake. Skrubu ikamponyoka tena mara mbili, safari hii mapajani. Kisha nikalala nyuma ya gunia la mchanga nikapiga tano, nikaenda kwenye ubao.

Zilikuwa zimekaa pamoja vizuri, kiganja kinazifunika zote. Lakini zilikuwa upande wa kulia, shibiri moja na zaidi kutoka katikati. Si jambo la ajabu kwa kasiba mpya, ni kuzungusha skrubu tu. Nikageuka nimwite. Nikamwona kule, hatua mia, ameketi mkekani na bisibisi mkononi, anangoja, na uso wake ameuelekeza mahali ambapo sikuwapo.

Nilirudi polepole. Nilikuwa nikiiona tena ile mikono na ule mchanga.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Katikati, mzee."

"Zote?"

"Zote tano. Kiganja kinazifunika."

"Alhamdulillahi!" Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu mwaka uliotangulia. "Basi sina kazi. Imenyooka yenyewe, bibi arusi huyu ana adabu." Akatia bisibisi mfukoni, akanimegea haluwa pande kubwa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kesho ni Ijumaa, siku ya sita, haipigwi. Jumamosi, ya saba, nitamwambia anipe bunduki niitoe, niizungushe skrubu mwenyewe kabla hatujapiga, na zitakaa katikati kweli. Na katikati ya hapo haitoki, kwa sababu yumo mtu mmoja duniani asiyetoa kasiba kabla ya siku saba. Niliuweka uongo wangu ndani ya kanuni yake nikaona umefungiwa kufuli mbili. Nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani Ganze, mama alikuwa hana maji.

Yaliyotokea Ijumaa niliyasikia kwa wenzangu. Nyati dume mmoja, mkaidi, alikuwa ameshika lambo la kijiji cha jirani siku ya tatu sasa, na wanawake walikuwa hawasogei. Asubuhi hiyo alimkimbiza mama mja mzito, akaponea juu ya mti. Ofisi ya wanyamapori gari lao lilikuwa mbali, wakampa meneja idhini kwa simu. Meneja akamtuma Karisa. Karisa alikuwa mwenzangu wa doria, mcheshi asiyekosa neno, baba wa watoto wawili, na ndiye aliyekuwa akiicheka fungate kuliko wote. Akienda ghalani alikuwa akibisha mlango na kupiga kigelegele.

Siku hiyo hakupiga kigelegele. Mzee alisimama mlangoni, funguo ameziminya kiganjani.

"Leo ni siku ya sita. Haitoki."

Meneja akapaza sauti. Mzee akapaza yake zaidi, akamwambia kwamba yeye na simu yake hawajui kitu. Ndipo Karisa akasema kwa upole, "Mzee, wale kina mama hawajachota maji tangu juzi."

Wenzangu wanasema aliutafuta ufunguo kwa vidole. Kisha akasema, "Si kawaida yangu. Lakini jana zimekaa katikati. Kadzo mwenyewe kaziona." Akafungua. Alipompa Karisa bunduki akamwambia, "Lenga palepale unapotaka ipige. Usiongeze, usipunguze. Iamini."

Nyati alisimama ubavu, kichwa upande wa kushoto, hatua kama themanini. Karisa alilenga nyuma ya bega, panapokaa moyo. Risasi ilikwenda kulia ikamwingia tumboni. Nyati wa kupigwa tumboni hakimbii kwenda mbali, humrudia aliyempiga. Karisa aliwahi kupiga ya pili, akalenga vizuri vilevile, nayo ikaenda kulia vilevile.

Nilikuwa kwenye foleni ya maji, madumu yangu ya nane na ya tisa kutoka mbele, simu ilipolia. "Kadzo, Karisa hatunaye." Nakumbuka kwamba sikuuliza imekuwaje. Niliyaacha madumu yangu palepale kwenye foleni.

Nilifika ranchini Jumamosi, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya saba. Sikwenda kwanza kwa meneja, wala kwa mkewe Karisa, wala kwa mzee. Nilikimbia kwenye ubao, nikabandua ile karatasi yenye matundu matano, nikaikunja nikaitia kifuani. Walioniona nikikimbia walisema, masikini, uchungu umempanda kichwani.

Siku ya maziko mzee alikuja nyumbani kwa kina Karisa akiwa ameshikwa mkono, kwa maana siku hizo mbili hakujali tena kujificha. Akasimama mbele ya mama yake marehemu, watu wote wakisikia, akasema, "Mwanao nimemuua mimi. Najua kasiba haitoki kabla ya siku saba, najua kuliko mtu yeyote hapa, na niliitoa. Nisamehe au usinisamehe, haki ni yako." Wazee wakamwambia ni kazi ya Mungu. Yule mama akamshika mikono yote miwili, akalia naye. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale. Karatasi ilikuwa kifuani mwangu, naisikia ikikwaruza kila nikivuta pumzi. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na nilinyamaza. Hakuna siku niliyojichukia kama ile, na nilijichukia nikiendelea kunyamaza.

Polisi walichukua bunduki, wakaandika ajali. Mzee alirudisha funguo bila kufukuzwa. Na funguo zile, mnajua alipewa nani? Nilipewa mimi. "Amefunzwa na mzee," meneja alisema, "huyu hawezi kukosea." Nimekaa ghalani humo miaka mitatu sasa. Kila kitambaa nakitazama mara mbili na ubao nautazama mara tatu, na hakuna hata moja kati ya hayo linalomsaidia Karisa.

Mwezi uliopita nikashindwa. Siwezi kusema nilikuwa jasiri, nilichoka tu. Nikapanda gari mpaka Malindi mjini, karatasi mfukoni, nikauliza nyumba yake nyuma ya msikiti. Mkewe alinifungulia, akanikumbatia, akaninong'oneza ukumbini kwamba macho yamekwisha yote, daktari amesema lililokwenda halirudi, na kwamba halali, na akilala humwita Karisa.

Alikuwa ameketi sebuleni, amekonda, kanzu inampwaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kadzo. Hizo buti za ranchi nimezisikia tangu mlangoni." Akatafuta mkono wangu, akaugeuza, akaupapasa. "Bado wabeba maji."

"Bado, mzee."

Akaniuliza hali ya bunduki, moja moja. Nikamjibu. Kahawa ikaja, nikainywa. Kisha nikasema yote. Nilianza na ile skrubu mchangani, kwamba niliisukuma kwa kiatu. Nikamwambia zile risasi tano hazikuwa katikati, zilikuwa kulia, shibiri na zaidi, na nilisema uongo kwa sababu sikuweza kumwona akipapasa tena. Nikamwambia si fungate iliyomuua Karisa, ni mimi. Nilikuwa nalia, sikuona haya.

Alisikiliza bila kukohoa. Nilipomaliza akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha.

"Mwanangu," akasema, "una huruma sana. Nilijua siku moja utakuja na jambo kama hili. Umeona mzee hafi kwa raha, umesema umtue mzigo."

"Si huruma, mzee. Ni kweli, wallahi!" Mimi, Mkristo, naapa kwa kiapo chake. "Nimekuja na karatasi."

Nikaitoa, nikaikunjua, nikaiweka mapajani mwake. Akapitisha vidole, vile vidole vilivyojua kutu gizani. Akakuta matundu, akayahesabu kwa sauti mpaka tano.

"Yamekaa pamoja," akasema. "Umepiga vizuri. Na katikati ni wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katikati ya karatasi imechorwa kwa wino, haina tundu wala mkunjo, haishikiki. Nikachukua kidole chake nikakisogeza kushoto, nikakiweka. "Hapa."

"Hapa?" Akakirudisha kwenye matundu, akakipeleka tena pale nilipomwekea. "Siku ile uliniambia katikati ni pale. Leo waniambia ni hapa. Mimi katikati yangu ni unaponiambia wewe, Kadzo, tangu zamani. Sasa niamini ipi? Ile ya siku ya kazi, ulipokuwa huna sababu ya kunidanganya, au hii ya leo, unapolia?"

"Hii ya leo, mzee. Nakuomba."

Akaikunja karatasi taratibu, kona kwa kona, akanirudishia. "Nilitoa kasiba kabla ya siku saba," akasema. "Hilo nalijua mwenyewe, halihitaji macho."

Mkewe alinisindikiza mlangoni. Ukumbini akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunjua, akaitazama kwenye mwanga. Yeye alikuwa na macho. Aliitazama muda mrefu, ile duara nyeusi na yale matundu pembeni, kisha akanitazama mimi, na nikaona amejua. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Usirudi tena na maneno haya," akasema kwa sauti ya chini. "Akiyaamini, atabaki na nani?"

Akanirudishia karatasi yangu. Nilikuwa nimekwisha kukanyaga kizingiti niliposikia mzee ananiita kutoka ndani, sauti yake imechangamka kidogo, ile ya zamani ya kunitania.

"Kadzo! Hujui kudanganya, mwanangu. Hukujua hata siku moja."